Dhahabu Haina Mwisho wa Mwezi

Tangu bei ya wakia moja ya dhahabu ivuke dola 4,000 mwezi Oktoba 2025, kila mtu hapa chuoni amegeuka mshauri wa uwekezaji. Kwenye foleni ya chakula, kwenye magrupu ya WhatsApp ya kozi, kwenye vijiwe vya kahawa nje ya hosteli, maneno ni yale yale. Pesa ya karatasi inaoza, dhahabu haiozi. Mifuko ya pensheni ni kuchangia watu wengine. Ukipata ajira, nunua gramu yako moja kila mwezi, ficha, ukifika miaka 60 unacheka. Zipo hata video zinazozunguka, zimechukuliwa kwenye matangazo ya Marekani na kuwekewa sauti ya Kiswahili, zinazosema kwamba kinga pekee ya akiba ya uzeeni dhidi ya mfumuko wa bei ni dhahabu.

Mimi natokea mkoa wa Geita, kwa hiyo sihitaji kuambiwa kwamba dhahabu ina thamani. Nimeona nyumba za bati zikigeuka ghorofa, na nimeona ghorofa zikibaki nguzo tu baada ya duara kukauka. Ugomvi wangu ni na hilo neno "kinga". Dhahabu ni mali, tena mali nzuri. Pensheni ni kitu kingine. Anayezichanganya hizi mbili anaweza kumfikisha mzazi wake pabaya. Nasema mzazi kwa makusudi, kwa sababu sisi bado tuna miaka kama arobaini mbele yetu. Wanaostaafu sasa hivi ni wazazi wetu, na sisi "wasomi" ndio tunaopigiwa simu tutoe ushauri.

Niwape kwanza haki yao wapenzi wa dhahabu, maana wana hoja nzito kuliko wenyewe wanavyojua. Mwaka 1980 dola moja ilikuwa kama shilingi nane kwa bei ya serikali, na wakia ya dhahabu kwa wastani wa mwaka ule ilikuwa dola 600 na kidogo. Kwa hesabu ya haraka, wakia moja ilikuwa na thamani ya kama Sh 5,000. Miaka kumi iliyofuata kila mzee anaikumbuka: foleni za sukari, sabuni ya magendo, bei zikipanda karibu asilimia 30 kila mwaka. Asilimia 30 kwa miaka kumi mfululizo maana yake bei zinazidishwa karibu mara 14. Mtu aliyeweka Sh 10,000 chini ya godoro mwaka 1980, alipozitoa mwaka 1990 zilinunua kile ambacho zamani kingenunuliwa kwa Sh 700 hivi. Na ile wakia ya dhahabu? Mwaka 1990 dhahabu ilikuwa karibu dola 380, na dola imefika Sh 195. Fanya hesabu mwenyewe. Inakuja zaidi ya Sh 74,000, karibu mara 15 ya thamani ya mwanzo. Bei ziliongezeka mara 14, dhahabu mara 15. Ililinda, tena kwa ukaribu wa kushangaza.

Lakini iangalie tena hesabu hiyo. Kwa dola, dhahabu ilishuka katika miaka hiyo kumi, kutoka 600 na kitu hadi 380. Mtanzania mwenye dhahabu hakuokolewa na dhahabu kupanda. Aliokolewa na shilingi kuanguka. Mmarekani aliyenunua wakia ile ile mwaka ule ule, akidanganyika na bei iliyokuwa imegusa dola 850 Januari 1980, alipata hasara juu ya hasara. Bei ya dhahabu iliendelea kusuasua hadi mwanzoni mwa miaka ya 2000, ikashuka mpaka karibu dola 250, huku bei za vitu kwao zikiwa zimepanda zaidi ya mara mbili. Miaka ishirini! Mtu aliyestaafu mwaka 1980 akiwa na miaka 60 alikuwa na miaka 80, au hayupo, na dhahabu yake bado haijarudi pale alipoinunulia. Hao ndio watu ambao matangazo yale yanawalenga, na hao ndio historia yao tunayotafsiriwa bila kuambiwa mwisho wake.

(Na kwa kuwa tunaongelea kuficha dhahabu ndani: mwaka 1983, wakati wa msako wa wahujumu uchumi, kukutwa na vipande vya dhahabu chini ya kitanda kungekuletea maswali mengi kuliko majibu uliyokuwa nayo. Marekani kwenyewe Rais Roosevelt aliwaamuru wananchi mwaka 1933 waisalimishe dhahabu yao kwa serikali, na hawakuruhusiwa tena kuimiliki kwa uhuru hadi mwisho wa 1974. Dhahabu haiozi, kweli, ila inaweza kutaifishwa.)

Kuna mfano wa karibu zaidi. Desemba 2011 mfumuko wa bei hapa nchini ulikaribia asilimia 20. Kama kuna mwezi ambao mstaafu wa Tanzania alikuwa na sababu ya kukimbilia dhahabu, ni ule. Wakia ilikuwa kama dola 1,550, dola ikiwa kama Sh 1,590, kwa hiyo wakia moja ilikuwa karibu Sh milioni 2.5. Miaka minne baadaye, Desemba 2015, dhahabu imeshuka hadi dola 1,060 hivi. Shilingi nayo imeanguka hadi karibu 2,150 kwa dola, na hilo lilimsaidia kidogo. Jumla inakuja Sh milioni 2.3. Yaani mtu aliyeikimbia bei ya mchele mwaka 2011 alikuwa na shilingi pungufu mwaka 2015, na mchele haukumsubiri. Aliyevumilia hadi leo amepata faida kubwa mno, sibishi. Swali ni alikuwa anakula nini katikati.

Hapo ndipo hoja yangu ilipo. Wenzangu wanauliza: dhahabu inapanda au haipandi? Kwa muda mrefu inapanda. Lakini mstaafu haishi kwa muda mrefu, anaishi kwa mwezi. Ana kodi ya nyumba kama hakujenga, ana dawa za presha, ana luku, ana mjukuu aliyefukuzwa ada. Dhahabu haizai riba wala gawio. Haileti chochote mwisho wa mwezi isipokuwa uiuze, na ukiiuza imekwisha. Mwaka 2022 mfumuko wa bei Marekani ulifika asilimia 9.1 mwezi Juni, wa juu kuliko miaka arobaini iliyotangulia. Dhahabu ilianza mwaka ule kwenye dola 1,800 na kitu na ikaumaliza pale pale. Kinga gani hiyo, mvua inanyesha mwaka mzima nayo inafunguka miaka miwili baadaye?

Sasa nije nyumbani, maana haya siyaandiki kwa ajili ya mtihani.

Mama yangu ni mwalimu wa shule ya msingi na anastaafu Juni. Mjomba, mdogo wake mama, ananunua dhahabu kwa wachimbaji wadogo pande za Katoro, ana leseni yake, na ni mtu mkweli. Kwenye grupu la familia ameandika: "Dada, hizo hela zikiingia tusizilaze benki. Tuzigeuze mali." Anachopendekeza ni kwamba karibu kiinua mgongo chote kiwe dhahabu, naye atakitunza. Mama hajakataa. Mimi nimeulizwa, na nikajibu kwa hesabu, kwa hiyo nitaiweka hapa kwa namba za mwalimu wa kufikirika ili nisianike za mama.

Chukua mwalimu aliyechangia miezi 360, sawa na miaka 30, na wastani wa mshahara wake wa miaka mitatu iliyo bora ni Sh milioni 1 kwa mwezi, yaani milioni 12 kwa mwaka. Kikokotoo kilichoanza kutumika 2022 kinagawa miezi ile kwa 580, kisha kinazidisha kwa mshahara wa mwaka. Inakuja kama Sh 7,448,000. Hiyo ndiyo pensheni kamili ya mwaka. Sehemu yake inageuzwa mkupuo kwa kuzidishwa na 12.5. Asilimia ya mkupuo ilikuwa 33, na katika bajeti ya 2024/25 ikapandishwa hadi 40 kwa wale ambao zamani walikuwa wanapata 50, walimu wakiwemo. Kwa asilimia 40 mwalimu wetu anapata mkupuo wa Sh milioni 37.2, na pensheni ya kila mwezi ya kama Sh 372,000 hadi atakapofariki.

Kuna mambo mawili kwenye hesabu hiyo ambayo wale wa "pensheni inaoza" hawayaoni. La kwanza, kikokotoo kinatumia mshahara wa miaka ya mwisho mwisho ya kazi. Haijalishi mwalimu alichangia shilingi ngapi mwaka 1996 wala zile shilingi zilinunua nini. Anayepimwa ni mwalimu wa leo, kwa mshahara wa leo. Mmarekani wa kwenye video ana akaunti yake binafsi ya kustaafu, na sheria yao inamruhusu kuweka dhahabu halisi ndani ya akaunti hiyo. Fedha alizoweka akiwa na miaka 30 ni lazima zipambane na bei zenyewe kwa miaka 30. Ya kwetu ni tofauti. Ilimradi mishahara inapandishwa kulingana na bei (na hilo ni vita nyingine, waulizeni watumishi), mfumuko wa bei wa miaka ya kazi hauligusi fungu la mwalimu.

La pili ni ubaya wake. Mfumuko unaanza kung'ata siku ile ile anapostaafu. Ile 372,000 haipandi yenyewe kila bei zinapopanda. Inapandishwa pale wenye mamlaka wanapoamua. Kwa miaka kadhaa sasa mfumuko wetu umekuwa kati ya asilimia 3 na 5. Chukua asilimia 4. Baada ya miaka 18 uwezo wa ile 372,000 unakuwa nusu, sawa na Sh 186,000 za leo, na mwalimu ana miaka 78. Ikirudi ile ya miaka ya themanini, asilimia 30, nusu inapotea ndani ya miaka mitatu. Hofu ya mjomba ina mizizi. Yeye alikuwa mtoto wakati ule na anakumbuka babu alivyokuwa akikunja noti.

Basi kwa nini isiwe dhahabu? Tuangalie inavyonunuliwa kweli, si kwenye video.

Njia ya kwanza ni sonara. Mama zetu wa pwani, na familia za Kihindi za Kariakoo na Upanga, wameweka akiba hivi kwa vizazi: bangili, mkufu, kidani cha harusi. Ni utamaduni ninaouheshimu, na binti wengi wamesoma kwa bangili za bibi. Lakini ukinunua mkufu unalipia dhahabu pamoja na ufundi, na ukirudi kuuza sonara anapima uzito na karati tu. Ufundi umeuvaa, umekwisha. Karati nazo zina mambo yake. Ya 18 ni robo tatu tu dhahabu, robo ni madini mengine. Ya 22 ni karibu asilimia 92. Wangapi kati yetu tunaweza kuzitofautisha kwa macho? Mwalimu aliyeshika chaki miaka 30 ataweza?

Njia ya pili ni dhahabu ghafi, ile anayoisema mjomba. Hapa kuna sheria. Tangu Machi 2019, lilipofunguliwa soko la madini Geita, na baadaye masoko mengine nchini, dhahabu ya wachimbaji inapaswa kuuzwa sokoni, na serikali inachukua mrabaha wa asilimia 6 na ada ya ukaguzi ya asilimia 1. Kumiliki na kufanya biashara ya madini bila leseni ni kosa. Mjomba anayo leseni, mama hana. Kwa hiyo dhahabu "ya mama" kwa macho ya sheria itakuwa dhahabu ya mjomba, ndani ya sefu ya mjomba, kwenye vitabu vya mjomba. Mjomba akipata ajali kesho, Mungu apishe mbali, mama atamweleza nani kwamba ile ni kiinua mgongo chake? Simshuku mjomba hata kidogo. Ninachosema ni kwamba mama atakuwa amebadilisha deni la mfuko wa umma na kuwa deni la mdogo wake.

Na hapo bado hatujawagusa matapeli, wale wenye vumbi la shaba na simulizi ya mchimbaji mwenye shida anayeuza kwa nusu bei. Kila mwenyeji wa kwetu ana hadithi yao. Wastaafu ndio wanaowindwa zaidi, kwa sababu siku mkupuo unapoingia, mtaa mzima unajua.

Mwenzangu mmoja wa uchumi alinijibu hivi: mbona Benki Kuu inanunua? Ni kweli. Benki Kuu ya Tanzania imekuwa ikinunua dhahabu ya ndani tangu 2023, na tangu Oktoba 2024 wachimbaji na wafanyabiashara wanaouza nje wanatakiwa kutenga angalau asilimia 20 kwa ajili yake. Lakini Benki Kuu inatoa shilingi, ambazo inaweza kuzichapa, na inapata kitu inachoweza kukigeuza dola siku nchi ikikosa dola za kuagizia mafuta. Haina luku ya kulipa. Haifi. Inaweza kukaa na mali iliyoshuka kwa miaka ishirini bila kulala njaa. Kumwambia mstaafu aige Benki Kuu ni kama kumwambia mwenye baiskeli aige treni, kwa kuwa vyote vina magurudumu.

Na Zimbabwe? Hii napenda kuitaja kwa sababu ni watu waliofika mwisho wa njia hii. Mwaka 2008 pensheni za wafanyakazi wao zilifutika kabisa. Mtu alistaafu na karatasi. Julai 2022 benki kuu yao ikaanza kuuza sarafu za dhahabu za wakia moja, Mosi-oa-Tunya, ili watu wahifadhi thamani. Moja ilikuwa na thamani ya zaidi ya dola 1,700. Mstaafu gani wa Bulawayo alikuwa na dola 1,700 za kuweka kabatini? Walionunua ni wenye nazo. Aprili 2024 wakaleta sarafu mpya, ZiG, wakasema inasimama juu ya dhahabu na akiba nyingine. Septemba mwaka huo huo ikashushwa thamani kwa zaidi ya asilimia 40 kwa siku moja. Dhahabu ilikuwepo ghalani. Aliyelipwa kwa ZiG hakuiona.

Nilichomshauri mama ni hiki. Sehemu kubwa ya mkupuo iende kwenye hatifungani za serikali na vipande vya mfuko wa uwekezaji wa pamoja, ambako mtu anaanza na Sh milioni moja au chini ya hapo na fedha inaleta kitu. Hatifungani ya miaka 25 ilipoanza kuuzwa 2021 ilikuwa na riba ya asilimia 15.95 kwa mwaka, na viwango vimeshuka na kupanda tangu hapo. Kwa riba ya asilimia 12 tu, milioni 20 zinaleta milioni 2.4 kwa mwaka, zikilipwa mara mbili, na huo ni mshahara wa pili wa Sh 200,000 kwa mwezi. Najua bei zikirudi kupanda kwa asilimia 30 hatifungani nayo italiwa. Kwa ajili ya siku hiyo, na siku hiyo tu, aweke sehemu moja ya kumi kwenye dhahabu, dhahabu yenye risiti na jina lake. Milioni tatu au nne. Ikipanda, heri. Ikishuka, hatalala njaa.

Lakini haya ni mambo ya familia moja yenye milioni 37. Wachimbaji wanaomuuzia mjomba hawana kikokotoo chochote. Wanakaa juu ya dhahabu na wengi wao watazeeka bila pensheni ya shilingi moja, isipokuwa wale wachache wanaojiandikisha wenyewe NSSF. Kama dhahabu ingekuwa kinga ya uzee, wazee wa machimboni ndio wangekuwa matajiri wa nchi hii. Nendeni mkawaone.

Kinachonikera zaidi ni hiki. Desemba 2018, mwaka ule mifuko minne ya watumishi ilipounganishwa kuwa PSSSF, nchi nzima ilizungumzia kikokotoo hadi Rais Magufuli akakisimamisha. Mwaka 2022 tukazungumza tena, 2024 tena. Mara zote ugomvi mkubwa uliokuwa ukisikika ulikuwa juu ya asilimia ya mkupuo: 25, 33, 40, 50. Naelewa kwa nini. Mtu anataka ajenge, asomeshe wa mwisho. Lakini ile sehemu ya mwezi, ambayo ndiyo inayoliwa na mfumuko wa bei kwa miaka ishirini, haikupata mabango. Hakuna aliyeandamana kudai kwamba pensheni ipande kila Julai kwa kiwango cha mfumuko wa bei kinachotangazwa na Ofisi ya Taifa ya Takwimu. Kanuni moja tu ya namna hiyo ingemlinda mama yangu kuliko kilo nzima ya dhahabu ya Katoro. Mfuko utasema ina gharama, na kweli ina gharama. Basi tuambiwe ni kiasi gani, na mchango upangwe kwa kuijua. Sasa hivi gharama hiyo ipo tayari, ila anayeilipa ni bibi wa miaka 78.

Sisi tutaingia kwenye mfumo huu muda si mrefu. Mshahara wako wa kwanza utakatwa asilimia 15 ya mkopo wa bodi, kama ulikula bumu. Juu yake asilimia 5 ya PSSSF ukiwa serikalini, mwajiri akiweka 15, au kwa kawaida asilimia 10 ya NSSF ukiwa kampuni binafsi, mwajiri naye 10. Ile ya mwajiri ndiyo wanayoisahau wa "gramu moja kila mwezi". Hakuna sonara atakayekuongezea gramu ya pili bure kila unaponunua ya kwanza. Ila lazima uhakikishe inafika. Wapo waajiri wanaokata na hawapeleki, kwa hiyo taarifa ya michango yako iangalie kila baada ya miezi michache, usisubiri miaka kumi.

Na viongozi wetu wa serikali ya wanafunzi, kwenye wiki ya ajira mnapoalika watu wa mifuko ya hifadhi ya jamii waje kugawa kalamu na fulana, nawaomba muwawekee swali moja mezani kabla ya picha ya pamoja: pensheni ya mwezi inapandishwa kwa kanuni gani, lini, na nani?

Nilimtumia mjomba rasimu ya makala hii. "Mjomba," akanijibu (sisi huitana hivyo, yeye na mimi), "hiyo kanuni yako ya kila Julai ni nzuri. Wakishaiandika nipigie." Halafu akatuma picha ya mzani wake, una gramu nane na nukta. Mama akaiona, akauliza kwenye grupu: hiyo nukta moja inatosha kilo ngapi za mchele, na duka gani wanaipokea? Mpaka naandika hapa, mjomba hajajibu.